Kalamu Iliyopigwa Marufuku: Waandishi na Wasanii wa Ukraine Uhamishoni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Katika fasihi ya Ukraine vimo vitabu vikubwa ambavyo vilianza kwa kuwa vidogo mno, kwa sababu ukubwa ulikuwa hatari. Vidaftari alivyoviandika mshairi Taras Shevchenko kati ya mwaka 1847 na 1850 vilishonwa kwa mkono, vikawa vidogo hata kutosha kiganjani, na mwenyewe alivificha ndani ya shingo ya buti lake la kiaskari. Hakuwa mwizi wala mpelelezi. Alikuwa mtu aliyekatazwa kuandika, na katazo hilo lilitoka kwa mfalme. Habari za waandishi na wasanii wa nchi hiyo, tangu siku zake hata siku hizi, ni habari za katazo lile lile likirudi kwa sura nyingine, na za watu waliotafuta mahali pa kuyaweka maneno yao: katika buti, katika mzigo unaovushwa mpaka, katika barua ya kwenda kwa mke, na chini ya mti.

Shevchenko alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Moryntsi, kusini ya mji wa Kyiv, naye alizaliwa mtwana. Utwana huo wa Urusi ya wafalme yafaa ufahamike vizuri. Mkulima alikuwa mali ya kabaila mwenye ardhi. Aliweza kuuzwa, kurithiwa na kuchapwa viboko, na hata kuoa kulitaka idhini ya bwana wake. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka tisa, baba yake akafuata miaka miwili baadaye. Yatima huyo akamtumikia karani wa kanisa kwa kumchotea maji, apate kujifunza kusoma. Kisha kabaila wake, Pavel Engelhardt, akamfanya kijana wa ndani, wa kukaa mlangoni akingoja kuitwa. Akamchukua hadi Vilnius, halafu Saint Petersburg. Alipoona kwamba kijana ana mkono wa kuchora, alimweka kwa fundi wa rangi, maana mtwana mwenye ufundi humzidishia bwana wake faida.

Huko Saint Petersburg wasanii waliitambua karama yake. Mchoraji mashuhuri Karl Briullov alichora picha ya mshairi Zhukovsky, picha ikachezeshwa bahati nasibu, na kwa ruble 2,500 Taras Shevchenko akanunuliwa kutoka mikononi mwa mwenye mali. Hayo yalikuwa mwaka 1838, akiwa na miaka ishirini na minne. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu chembamba cha mashairi manane, alichokiita Kobzar. Kobzar ni malenga wa Kiukraine, mara nyingi kipofu, ambaye alipita kijiji hata kijiji na ala yake ya nyuzi akiimba habari za mashujaa wa kale. Mashairi hayo yaliandikwa kwa Kiukraine, lugha ambayo wasomi wengi wa mji mkuu waliiona kuwa ni maneno ya jikoni na ya zizini tu.

Mwaka 1847 alikamatwa. Alihusishwa na chama cha siri cha wasomi wa Kyiv kilichotaka utwana ufutwe na mataifa ya Kislavi yaungane kwa usawa, bila la kutawala jingine. Lakini kosa lililomkasirisha mfalme zaidi lilikuwa mashairi yaliyopatikana katika mizigo yake, ambamo mfalme na malkia walidhihakiwa. Shevchenko alihukumiwa kutumikia jeshi kama askari wa cheo cha chini kabisa, huko Orenburg na mbele yake, mpakani mwa nyika za Waasia. Na juu ya hukumu hiyo Nikolai wa Kwanza aliongeza kwa mkono wake mwenyewe agizo kwamba mtu huyo awekwe chini ya uangalizi mkali kabisa, naye akatazwe kuandika na kuchora.

Mfalme alikuwa na majeshi, magereza na Siberia nzima, na bado aliona hapana budi kuikamata na penseli.

Yafaa hapa kuwatazama maofisa wawili, kwa kuwa agizo la mfalme halitembei lenyewe. Huchukuliwa na watumishi. Wa kwanza ni Luteni Aleksei Butakov, ambaye mwaka 1848 na 1849 aliongoza safari ya kuipima Bahari ya Aral. Alihitaji mtu wa kuzichora pwani zile zisizojulikana, akamchukua Shevchenko. Katazo alilijua, lakini kazi ilitaka mchoraji, na mchoraji alikuwapo amevaa koti la askari. Kwa sababu ya uamuzi huo dunia leo inazo picha za majabali, mahema na watu wa Kazakh walivyokuwa wakati ule, zilizochorwa kwa heshima na bila dharau ya mtu atazamaye washenzi. Ofisa wa pili ni yule aliyepeleka mashtaka mwaka 1850 kwamba askari Shevchenko huvaa nguo za kiraia, huandika na huchora. Mashtaka yalikuwa ya kweli kabisa, kila neno. Shevchenko akakamatwa upya, akapelekwa katika ngome ya Novopetrovsk kwenye pwani ya Bahari ya Kaspi, akakaa miaka saba. Wote wawili walikuwa watumishi wa serikali moja, na agizo walilopokea lilikuwa moja.

Aliachiliwa mwaka 1857, baada ya kifo cha Nikolai. Alirudi amezeeka kabla ya wakati, lakini miaka iliyombakia ina habari mbili ambazo msomaji wa Afrika hawezi kuzipita upesi.

Ya kwanza ni urafiki wake na Ira Aldridge. Huyu alikuwa mwigizaji Mwafrika wa Marekani, mzaliwa wa New York, ambaye nchi yake ilikuwa bado na utumwa wa watu weusi na majukwaa yake makubwa yalikuwa yamefungwa kwake. Akavuka bahari, akajipatia jina Ulaya. Mwaka 1858 alikuja Saint Petersburg akaigiza Othello, akaigiza King Lear, na pia Shylock, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi. Shevchenko hakujua Kiingereza, na Aldridge hakujua Kirusi wala Kiukraine. Walizungumza kwa msaada wa mabinti wa nyumba ya rafiki waliokuwa wakitafsiri, na waliposhindwa kutafsiri walielewana kwa nyimbo. Mmoja alikuwa ametoka katika utwana, na ndugu zake wa tumbo moja walikuwa bado watwana. Mwingine alikuwa wa taifa lililokuwa minyororoni kusini mwa Marekani. Mwezi Desemba mwaka huo Shevchenko alimkalisha Aldridge akamchora. Picha hiyo ingalipo. Ndani yake hamna mfalme wa jukwaani wala mavazi ya maigizo, bali mtu mweusi mwenye macho ya mawazo, amechorwa na mtu aliyejua bei ya binadamu kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na bei.

Habari ya pili inawahusu walimu. Mwanzoni mwa mwaka 1861, wiki chache kabla ya kufa kwake, mshairi huyu alichapisha kwa gharama yake kitabu cha kujifunzia kusoma kwa lugha ya Kiukraine, nakala 10,000, kwa ajili ya shule za Jumapili za watu wazima na watoto wa wakulima. Bei yake ilikuwa kopeki 3. Mtu aliyekatazwa kuandika kwa miaka kumi alizitumia nguvu zake za mwisho kuwafundisha wengine herufi. Alifariki mwezi Machi mwaka huo huo, siku chache tu kabla ya tangazo la kufutwa kwa utwana kusomwa mbele ya watu.

Ndugu wasikilizaji, jambo lililofuata halikufanywa kwa bunduki. Lilifanywa kwa waraka. Mwaka 1863 Waziri wa Mambo ya Ndani, Pyotr Valuev, aliwaandikia kwa siri wakaguzi wa vitabu kwamba vitabu vya dini, vya shule na vya kuwasomesha watu wa kawaida visipewe ruhusa kuchapishwa kwa Kiukraine. Hoja aliyoitegemea ni kwamba lugha hiyo ya pekee haikuwapo, haipo, na haiwezi kuwapo. Kwamba ni Kirusi kilichoharibiwa. Tena mashairi na hadithi aliviacha vipite. Hapo ndipo pana ujanja wa mambo: bwana asome mashairi kwa lugha ya wakulima kama burudani, lakini mkulima asipate kitabu cha hesabu wala cha afya kwa lugha anayoielewa. Mwaka 1876 Mfalme Aleksander wa Pili, akiwa kwenye chemchemi za tiba za Ems nchini Ujerumani, alitia sahihi amri kali zaidi, iliyozuia karibu vitabu vyote, vikiwamo vya kutoka nje, pamoja na tafsiri, michezo ya kuigiza na hata maneno ya nyimbo yaandikwayo chini ya noti za muziki. Amri hiyo ilidumu mpaka misukosuko ya mwaka 1905.

Hivyo lugha yenyewe ikalazimika kwenda ukimbizini. Mykhailo Drahomanov, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Kyiv, alifukuzwa kazi mwaka 1875, akahamia Geneva nchini Uswisi, akaanzisha mtambo wa kuchapa. Kati ya vitabu vilivyotoka hapo ni Kobzar ya Shevchenko, safari hii katika umbo la kijitabu cha kuenea katika mfuko wa koti, kiweze kuvuka mpaka bila kuonekana. Watu wengine walipeleka miswada yao Lviv, mji uliokuwa chini ya Austria. Ikawa mwandishi anaishi Kyiv na kitabu chake kinazaliwa ng'ambo.

Mpwa wa Drahomanov alikuwa Lesya Ukrainka, ambaye wengi humhesabu kuwa mwandishi mkuu wa kike wa nchi hiyo. Uhamisho wake yeye ulikuwa wa maradhi. Kifua kikuu cha mifupa kilimtoa katika baridi ya kwao, akapita miji ya tiba, na majira kadhaa ya baridi kati ya 1909 na 1913 aliyakaa Helwan, karibu na Cairo, akaandika mashairi juu ya Misri na upepo wake wa jangwani. Tamthilia yake maarufu, Wimbo wa Msitu, haikuandikwa msituni: aliitunga mwaka 1911 Kutaisi, nchini Georgia, akiwa na hamu ya misitu ya utoto wake. Huenda mtu aliyebaki nyumbani asingeiona miti ile kwa uwazi kiasi hicho.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yaligeuza mambo kwa ghafla. Volodymyr Vynnychenko, mwandishi wa riwaya na tamthilia, mjamaa ambaye magereza ya wafalme yalikuwa yanamfahamu, alijikuta mkuu wa serikali ya kwanza ya Ukraine. Serikali hiyo haikudumu. Alijaribu kuelewana na Wabolshevik, akashindwa, akaishia Mougins, kusini ya Ufaransa, akilima bustani yake, akichora picha na kuandika, hata akafa mwaka 1951. Riwaya yake Mashine ya Jua, juu ya mtambo utakaomwondolea binadamu njaa na unyonyaji, ilitoka mwaka 1928 na kusomwa sana nyumbani. Baada ya miaka michache vitabu vyake vyote viliondolewa katika maktaba za nchi yake.

Ni haki kusema kwamba miaka ya 1920 ilianza vizuri. Utawala wa Kisovieti wenyewe, tangu mwaka 1923, uliamuru kwamba ofisi na shule za Ukraine zitumie Kiukraine, na matunda yake yalikuwa makubwa. Huko Kharkiv, uliokuwa makao makuu, waandishi walijengewa jumba lenye nyumba 66, likaitwa Slovo, yaani Neno. Les Kurbas aliongoza jumba la maigizo la Berezil kwa namna mpya kabisa. Mykhailo Boychuk na wanafunzi wake walichora picha kubwa kwenye kuta za majengo ya umma, kwa imani kwamba sanaa ni ya wafanyakazi na wakulima. Watu hao, walio wengi, hawakuwa maadui wa ujamaa. Waliuamini.

Ndipo likaja jambo ambalo wengi wao hawakulitazamia. Mwaka 1932 na 1933 njaa iliyoletwa na utwaaji wa nafaka iliua mamilioni ya wakulima wa Ukraine. Tarehe 13 Mei 1933 mwandishi Mykola Khvylovy, mwanachama wa chama cha kikomunisti, alijipiga risasi nyumbani mwake katika jumba la Slovo, siku moja baada ya rafiki yake kukamatwa. Majirani zake wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kwa magari ya usiku. Kurbas alipelekwa visiwa vya Solovki, na hata huko aliwafundisha wafungwa wenzake kuigiza. Katika siku chache za mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1937, wafungwa 1,111 wa Solovki walipigwa risasi katika msitu wa Sandarmokh. Tarehe 3 Novemba peke yake ilimchukua Kurbas, mwandishi wa tamthilia Mykola Kulish, mshairi Mykola Zerov na mwandishi wa riwaya Valerian Pidmohylny. Boychuk alikuwa ameuawa Julai mwaka huo, mkewe Sofia akauawa Desemba, na picha zao za ukutani zikaharibiwa. Mahali pa Sandarmokh hapakujulikana mpaka mwaka 1997.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waukraine wapatao laki mbili walijikuta katika kambi za wakimbizi za Ujerumani na Austria. Miongoni mwao walikuwamo waliochukuliwa kwa nguvu kufanyishwa kazi na Manazi, waliokimbia wasikamatwe tena na Wasovieti, na pia, haifai kuficha, waliokuwa wameshirikiana na Manazi. Katika kambi hizo, ambamo chakula kilipimwa kwa kadi na familia kadhaa zilitenganishwa kwa blanketi tu, waandishi waliunda chama chao mwaka 1945, wakatoa majarida na vitabu kwa karatasi mbaya, wakabishana usiku kucha kama fasihi ya mkimbizi ni ya taifa au ya mtu binafsi. Serikali ya Sovieti ilidai warudishwe. Ivan Bahrianyi, aliyekuwa amepitia gereza na uhamisho wa Mashariki ya Mbali, alijibu mwaka 1946 kwa kijitabu kilichoeleza kwa nini hataki kurudi. Kilitafsiriwa katika lugha kadhaa. Baadaye watu hao walitawanyika, Kanada, Marekani, Australia, Brazili. Wengi wao waliendelea kuandika kwa lugha ambayo watoto wao waliizungumza kwa shida.

Waliobaki nyumbani walipata ahueni kidogo baada ya Stalin kufa, kisha mlango ukafungwa tena. Mwaka 1964, Shevchenko akitimiza miaka 150 tangu kuzaliwa, mchoraji Alla Horska na wenzake walitengeneza dirisha kubwa la vioo vya rangi kwa Chuo Kikuu cha Kyiv, kinachoitwa kwa jina la mshairi huyo. Walimwonyesha amekasirika, amemkumbatia mwanamke, kitabu kimeinuliwa juu. Dirisha lilivunjwa kabla ya kuzinduliwa. Mmoja wa watengenezaji wake, Opanas Zalyvakha, alikamatwa mwaka 1965, akapewa miaka mitano ya kambi ya kazi, na kambini akakatazwa kuchora. Aliyempa adhabu hiyo hakuwa mfalme tena, na kuta za nchi nzima zilijaa picha za Shevchenko.

Vasyl Stus aliwahi kuwa mwalimu wa shule, wa lugha na fasihi. Tarehe 4 Septemba 1965, katika ukumbi mmoja wa sinema mjini Kyiv, ilitangazwa hadharani kwamba wasomi vijana wamekamatwa, naye aliwaita wanaopinga wasimame. Kwa kosa la kusimama alifukuzwa masomo ya juu, akawa mchochea tanuri. Alikamatwa mwaka 1972: miaka mitano ya kambi, mitatu ya uhamisho katika machimbo ya Kolyma. Alirudi, akakamatwa tena mwaka 1980. Kambini mashairi yalinyang'anywa, kwa hiyo aliyaandika ndani ya barua kwa mkewe kwa mistari iliyoungana kama maneno ya kawaida ya nyumbani, ili mkaguzi apite bila kuona vina. Alitafsiri pia Goethe na Rilke. Mkusanyo wake wa mwisho ulichukuliwa na walinzi na haujapatikana. Alifariki katika seli ya adhabu ya kambi moja huko Perm, tarehe 4 Septemba 1985, miaka ishirini kamili tangu siku ile ya ukumbini. Mwaka 1989 mwili wake ulirudishwa Kyiv, na maelfu wakamzika.

Ukraine ilipata uhuru wake mwaka 1991, na ilidhaniwa kwamba sura ya vidaftari vya kuficha imefungwa. Mwezi Machi 2022, majeshi ya Urusi yalipokuwa yameshika kijiji cha Kapytolivka karibu na Izium, mwandishi wa vitabu vya watoto Volodymyr Vakulenko, aliyekuwa akimlea mwanawe mwenye ulemavu, alikuwa akiandika kumbukumbu za kila siku. Alipoona watamjia, alizifukia chini ya mcheri katika bustani ya baba yake. Siku iliyofuata alichukuliwa. Mwili wake ulitambuliwa baadaye miongoni mwa waliozikwa katika msitu wa Izium.

Kijiji kilipokombolewa, mwezi Septemba, mwandishi wa riwaya Victoria Amelina alifika hapo, akachimba pamoja na mzee huyo mpaka karatasi zikaonekana, akazipeleka katika Makumbusho ya Fasihi ya Kharkiv, mji wa lile jumba la Slovo, ambalo lenyewe lilikuwa limepigwa kwa makombora mwezi Machi. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 2023. Tarehe 27 Juni mwaka huo huo kombora liliupiga mkahawa mmoja mjini Kramatorsk, na Amelina, aliyekuwa ameketi humo, akafariki tarehe 1 Julai akiwa na miaka 37. Kitabu alichokuwa akikiandika, juu ya wanawake wanaokusanya ushahidi wa vita, kilichapishwa mwaka 2025 kama alivyokiacha, baadhi ya sura zake zikiwa bado ni maelezo mafupi ya kujikumbusha.